Fahamu: Mtihani wa Kiingereza unaowasubiri watoto wahamiaji Marekani

Familia ya Kikongo inapomwandikisha mtoto shule nchini Marekani, hupewa fomu fupi: nyumbani mnazungumza lugha gani? Wakijaza Kiswahili, mtoto hupimwa Kiingereza chake. Akionekana bado hajakimudu, huwekwa kwenye masomo ya ziada, na kila mwaka hufanya mtihani hadi afuzu.

Ni sheria. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu iliamua kuwa kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu na walimu sawa na wenzake hakutoshi. Sheria ya elimu ya 2015 inayataka majimbo yote yapime kila mwaka kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika.

Majimbo mengi hutumia mtihani wa WIDA, wenye alama 1 hadi 6. Kusoma na kuandika hubeba asilimia 35 kila kimoja. Kusikiliza na kuzungumza, 15 kila kimoja. Ndiyo maana mtoto anayepiga soga vizuri uwanjani anaweza kukwama miaka kadhaa.

Kwenye sehemu ya kuzungumza, kwa kawaida mwanafunzi huvaa hedifoni na kuijibu kompyuta. Hakuna uso wa mtu wa kumtia moyo. Kwa aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, bila kuwahi kushika kipanya, hilo peke yake ni mtihani. Mazoezi ya bure yapo mtandaoni, na shule inayoyaruka inamwonea mtoto.

Mzazi anaweza kukataa masomo ya ziada, lakini mtihani uko palepale. Ana haki ya kuelezwa matokeo kwa lugha anayoielewa, na aidai.