Tofali Lisilopita Motoni



Ninyi wa Riyadh, huenda mmewahi kutembelea Diriyah mkaona mtaa wa At-Turaif. Kuta zile nene ni za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Nanyi wa Jeddah mnazijua nyumba za kale za Al-Balad, zilizojengwa kwa matumbawe ya Bahari ya Shamu, kama vile Mji Mkongwe wa Zanzibar ulivyojengwa kwa matumbawe ya bahari yetu. Wazee walijenga kwa kilichokuwa karibu. Leo tuone jinsi hekima hiyo inavyowafaa wakimbizi kwetu Afrika Mashariki.

Kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika kaunti ya Turkana, iko kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992. Mwaka 2016 watu walianza kuhamia makazi mapya ya Kalobeyei, jirani na kambi hiyo. Huko wakimbizi na wenyeji Waturkana hutumia pamoja shule, zahanati na masoko.

Nyumba ya kwanza ya mkimbizi mara nyingi ni turubai, na jua kali huichakaza upesi. Tofali bichi la udongo mtupu hulainika mvua ikinyesha. Tofali la kuchoma ni imara, lakini tanuri linataka kuni nyingi. Turkana ni nchi kame, miti ni michache, na kuni zimewahi kuleta ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji. Basi watu wajenge kwa kitu gani?

Jibu mojawapo ni tofali la kushindilia. Udongo wa chini, usio na mizizi, huchekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo na maji kiasi. Hutiwa katika mashine ya mkono, fundi akavuta mpini mrefu, na tofali likatoka limebanwa vizuri. Halichomwi. Hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa wiki nzima au zaidi ili saruji ishike. Mengine huwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, hivyo hufungamana. Saruji bado hununuliwa, lakini udongo uko pale pale na mti haukatwi.

Mwaka 2017 shirika la UN-Habitat lilimwita Shigeru Ban, msanifu majengo kutoka Japani, asaidie kubuni nyumba za Kalobeyei. Alitafuta nyumba ambazo watu wa pale wangeweza kuzijenga na kuzitengeneza wenyewe. Nyumba ikipata ufa na fundi yuko mbali, itaanguka.

Ndiyo maana mafunzo ni muhimu kama saruji. Kakuma kuna chuo cha Don Bosco ambako vijana hujifunza uashi, useremala, umeme na kuchomelea vyuma. Mkimbizi huenda akaiacha nyumba yake siku moja, akarudi kwao au akahamia nchi nyingine. Kuta hatazibeba, lakini ufundi ataondoka nao, na kwao kuna mengi ya kujenga upya.

Jaribuni nyumbani

Watoto, tieni udongo katika chupa hadi theluthi moja, jazeni maji, fungeni, tikiseni, kisha mwache hadi kesho. Mchanga hutua kwanza, tope laini hufuata, na mfinyanzi hukaa juu. Mafundi hufanya jaribio hili kabla ya kufyatua matofali: mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka, ukipungua mno, humomonyoka. Leteni chupa zenu darasani tulinganishe.

Wazazi, wasimulieni watoto nyumba ya babu na bibi ilijengwa kwa nini, na nani aliijenga. Udongo uwahi ungali maji.

Maneno ya wiki

Mwashi: fundi wa kujenga kuta.
Mwiko: kifaa cha kupakia saruji, pia jambo lililokatazwa.
Timazi: uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima.
Kushindilia: kubana kwa nguvu.