Sukari guru, tende au stevia? Utamu wa mimea nao una hesabu yake

WANAOAMUA kuiacha sukari nyeupe huwa na sababu mbalimbali. Kuna walioonywa na daktari kwamba kiwango cha sukari katika damu yao kimepanda, kuna wanaotaka kupunguza uzani, na kuna wale ambao wameamua kula vyakula vya mimea pekee, wasionje nyama, maziwa, mayai wala chochote kitokanacho na mnyama. Wote hao hujikuta wakiuliza swali moja: chai, uji na mahamri vitiwe nini?

Jibu la kwanza la wengi ni asali ya nyuki. Kwa kundi la mwisho, hata hivyo, jibu hilo halifai, kwa kuwa asali ni akiba ya chakula ambayo nyuki wamejiwekea. Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili hakijapata kulifungia neno hilo ndani ya mzinga. Wazee wa pwani wamekuwa wakitaja asali ya miwa na asali ya tembo, yaani maji ya mmea yaliyochemshwa hadi yakawa mazito na matamu. Hivyo basi, anayetafuta utamu wa mimea hana haja ya kudhani kwamba anafuata mtindo mgeni.

Baadhi ya wafuasi wa mlo wa mimea huikwepa sukari nyeupe kwa sababu nyingine tena. Katika baadhi ya viwanda vya kusafisha sukari ya miwa ng'ambo, hasa nchini Marekani, maji ya sukari hupitishwa katika makaa yaliyotengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe ili yapoteze rangi. Sukari ya kahawia inayotoka katika viwanda vya magharibi mwa Kenya haipitii hatua hiyo, kwani huko maji ya miwa husafishwa kwa moto na chokaa, na yanapotakiwa kutoa sukari nyeupe hutiwa pia gesi ya salfa. Kwa mnunuzi wa Kenya, basi, suala la afya ndilo lenye uzito zaidi.

Sukari guru

Hakuna mbadala ulio karibu na Mkenya kama sukari guru. Jina lenyewe lina asili ya Kihindi, na utengenezaji wake si wa siri: miwa husagwa, maji yake huchemshwa katika makarai ya wazi, povu na taka huondolewa, kisha uji mzito unaobaki humiminwa katika vikalibu ukaganda. Kwa kuwa molasi haitolewi, bonge hubaki na rangi ya udongo, harufu yake ya pekee na kiasi kidogo cha madini kama vile chuma, potasiamu na magnesiamu.

Madini hayo ndiyo yaliyoipatia sifa ambayo wakati mwingine hupita kiasi. Sehemu kubwa ya bonge la sukari guru ni sukrosi, ile ile iliyomo katika sukari ya dukani, na kila gramu ya sukrosi huupa mwili takriban kalori 4 bila kujali rangi yake. Chuma kilichomo katika vijiko viwili vitatu ni kidogo mno kutibu upungufu wa damu. Isitoshe, majani ya chai yana tanini ambayo huuzuia mwili kufyonza chuma cha mimea, kwa hivyo anayekitafuta chuma katika kikombe cha chai anakitafuta mahali pabaya. Mgonjwa wa kisukari anayejimiminia sukari guru kwa imani kwamba "ni ya asili" anajidhuru sawa na anayekula sukari nyeupe.

Anayeipenda kwa ladha yake aitumie kwa kipimo. Aangalie pia rangi, kwa kuwa bonge la manjano linalong'aa si lazima liwe safi. Nchini India baadhi ya watengenezaji wamejulikana kutia kemikali za kung'arisha ili bidhaa ivutie macho. Na katika chai ya maziwa, iwe ya ng'ombe au ya soya, ni bora itiwe baada ya chungu kuepuliwa, la sivyo maziwa yanaweza kukatika.

Molasi yenyewe ina madini mengi kuliko sukari guru. Lakini ile inayouzwa kwa mapipa kwa ajili ya ng'ombe haikutayarishwa kwa mlo wa binadamu, na haifai kuletwa jikoni.

Tende na mnazi

Tende zina nafasi ya pekee katika orodha hii. Takriban thuluthi mbili ya uzito wake ni sukari, kiasi ambacho huwashangaza wengi, lakini tende huliwa nzima pamoja na nyuzinyuzi zake, gramu 7 hivi katika kila gramu 100. Nyuzinyuzi hizo huchelewesha sukari kuingia katika damu na humfanya mlaji ashibe mapema. Tende zilizorowekwa na kupondwa huweza kutiwa katika uji wa wimbi au katika unga wa keki, na hapana haja ya kuongeza kingine. Waliougua figo wamwulize daktari kwanza, kwa sababu tende zina potasiamu nyingi.

Maji matamu ya mnazi anayoyagema mgema wa Kilifi au Kwale huanza kuchacha saa chache tu baada ya kuteremshwa, na mengi huishia kuwa kinywaji cha kulevya. Indonesia na Ufilipino huyachemsha upesi na kupata sukari ya nazi, ambayo huuzwa kwa bei ya juu kote ulimwenguni. Nayo pia, kwa sehemu kubwa, ni sukrosi.

Kuna vilevile shira ya agave kutoka Meksiko, mmea ulio ndugu wa mkonge wetu. Ilisifiwa sana kwa kuwa haipandishi haraka glukosi katika damu. Sababu yake ni kwamba zaidi ya nusu ya utamu wake ni fruktosi, ambayo huchakatwa na ini, na ikizidi hugeuzwa kuwa mafuta.

Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, kiwango hicho cha chini ni gramu 25, yaani vijiko sita vidogo. Asali, shira na maji ya matunda vimo katika hesabu hiyo. Tunda zima halimo. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja tayari vimevuka mpaka.

Stevia

Stevia ni jani lenye asili ya Paraguay, ambako Waguarani walilitumia tangu zamani, na wakulima wa Kericho wamewahi kulilima kwa mkataba. Kiini chake kilichosafishwa ni kitamu kuliko sukari kati ya mara 200 na 300, na hakina kalori za kuhesabika. Umoja wa Ulaya ulikiidhinisha mwaka wa 2011. Nchini Marekani idhini inahusu kiini hicho, wala si majani mabichi.

Hata hivyo, mwaka wa 2023 WHO ilishauri vitamuzi visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitumiwe kama njia ya kupunguza uzani. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mnunuzi asome pia maandishi ya pakiti, maana nyingi huchanganywa na dekstrosi au maltodekstrini, ambazo hupandisha sukari katika damu. Katika upishi, stevia haiipi keki unene wala rangi ya hudhurungi.

Mgonjwa anayetumia insulini na ambaye amehamia stevia ana jambo moja zaidi la kukumbuka. Sukari ya mwili ikishuka ghafla, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, stevia haitamsaidia hata chembe. Maadamu bado ana fahamu na anaweza kumeza, anahitaji takriban gramu 15 za sukari halisi, yaani vijiko vitatu au vinne vidogo vilivyokorogwa katika maji. Kwa sababu hiyo, kopo la sukari halipaswi kuondolewa kabisa katika nyumba yake.