Wanawake wa Asili wa Australia na Tiba ya Saratani ya Matiti

Nchini Australia, wanawake wa jamii za asili, yaani Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait, wanapougua saratani ya matiti huwa na nafasi ndogo ya kupona kuliko wengine, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa hugunduliwa ukiwa umekwisha kuenea. Ingawa tangu 1991 mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, hutolewa bure, wanaoishi mbali na miji hulazimika kusafiri mamia ya kilomita na kuwaacha wanaowategemea. Aidha, kumbukumbu za serikali kuzipokonya jamii hizo watoto wao hadi miaka ya 1970 zimejenga hofu kuhusu taasisi za umma. Ndiyo maana kliniki zinazoongozwa na jamii zenyewe, ambako mgonjwa huheshimiwa na kusikilizwa, zinastahili kuimarishwa.