Motakaa Ipatwapo na Joto

Tangu Desemba hata Machi joto la Dar es Salaam hufika digrii 32 na zaidi, na apitaye Kariakoo saa nane mchana huweza kuikuta motakaa ya zamani imesimama Mtaa wa Msimbazi, boneti imefunuliwa. Watu humzunguka dereva, kila mmoja akisema, "Tia maji!" Lakini mara nyingi maji hayana hatia.

Motakaa yenye kabureta hupatwa na maradhi mawili ya joto, na dawa zake ni mbalimbali. La kwanza ni la petroli, ambayo huanza kugeuka mvuke mapema sana kuliko maji. Injini ikizimwa, feni husimama, bali chuma kingali na moto, nao hupanda kwenye kabureta. Basi dereva akirudi kutoka sokoni baada ya dakika 10, injini hukataa kuwaka, ingawa mshale wa joto haukupita mahali pake. Na angoje, boneti ikiwa wazi. Kitambaa kilicholowa juu ya pampu ya petroli husaidia. Harufu ya petroli ikiwa kali, sigara iwe mbali. Mwenye kuchoshwa na jambo hili na aende Gerezani, palipo mafundi tele, bomba la petroli lisogezwe mbali na ekzosi.

Ugonjwa wa pili ndio wa maji. Mshale ukipanda katika msongamano na kushuka motakaa ikikimbia, tazama feni na mkanda wake. Ukipanda katika mwendo wa kasi, yamkini rejeta imeziba, maana maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, nayo huacha ukoko. (Volkswagen ya zamani yenye injini nyuma haina rejeta kabisa; hupozwa kwa upepo wa feni tu. Aiombeaye maji hujulikana mara moja kuwa mgeni.)

Maji yaliyofungwa katika rejeta hupita digrii 100 pasipo kuchemka. Kifuniko kikilegezwa, hugeuka mvuke na kuruka. Tulimwona mchukuzi mmoja wa sokoni, kijana mwema, akifungua ili kumsaidia dereva, akaungua uso na mkono. Na ugonjwa wa motakaa ile ulikuwa wa petroli.

Yafaa kungoja nusu saa au zaidi, hata rejeta iweze kushikwa kwa mkono, ndipo kifuniko kifunguliwe polepole kwa kitambaa kinene. Maji nayo yatiwe kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa, kwa kuwa maji baridi huweza kupasua chuma chenye moto.