Je, Wajua? Kupe wa Ukambani Aliyevuka Bahari

Je, wajua kuwa Ricinus, jina la kisayansi la mbarika, ni neno la Kilatini lenye maana ya kupe? Weka mbegu yake moja kiganjani uitazame: imevimba, ina madoadoa, na mbele ina kijichwa kidogo. Aliyewahi kumng'oa kupe kwenye sikio la mbuzi hatauliza jina lilitoka wapi. Wakamba huiita mbaiki. Kwingine utasikia mbono au nyonyo.

Karibu nusu ya uzito wa mbegu hiyo ni mafuta. Julai 2022, kampuni ya Eni ya Italia ilianza kukamua mafuta katika kiwanda chake kaunti ya Makueni, ikitumia mbarika, mbegu za pamba na kokwa za muthulu, mti ule mrefu wa mipakani mwa mashamba ambao kokwa zake watu wengi waliziacha zioze chini. Oktoba mwaka huohuo shehena ya kwanza iling'oa nanga Mombasa kuelekea Gela, kisiwani Sicily, kwenye kiwanda kilichokuwa kikisafisha mafuta ya petroli kabla ya kugeuzwa. Huko mafuta ya mimea huchanganywa na hidrojeni, oksijeni ikaondolewa, yakatoka mafuta yanayofanana na dizeli ya kawaida kiasi kwamba injini haihitaji kubadilishwa.

Je, wajua kuwa mbarika iliwahi kurusha ndege zaidi ya miaka 100 iliyopita? Mafuta yake ni mazito na hayachanganyiki kwa urahisi na petroli, hivyo marubani wa Vita Vikuu vya Kwanza waliyatumia kulainisha injini zao. Hata jina Castrol limetokana na castor, jina la mbarika kwa Kiingereza.

Mbono kaburi, mmea mwingine wa mbegu za mafuta, nao una kisa chake, na kisa hicho kinastahili kukumbukwa Kitui na Makueni kila anapotokea mtu na mbegu ya miujiza. Miaka ya 2000 wakulima waliahidiwa kwamba mmea huu ungestawi kwenye ardhi kavu na kuwatajirisha kwa mafuta. Mwaka 2009, utafiti wa taasisi za misitu na kilimo-misitu, KEFRI na ICRAF, pamoja na shirika la Ujerumani la GTZ ulipima mavuno ya wakulima wadogo wa Kenya na kutoa jibu bila kumung'unya maneno: haulipi, uwe peke yake shambani au umechanganywa na mazao mengine. Ulipendekezwa kwa kazi moja tu, ua wa shamba. Kosa halikuwa la mkulima. Mmea ulikuwa bado wa porini, haujaboreshwa mbegu, na kuvumilia ukame si sawa na kuzaa sana wakati wa ukame.

Hapo ndipo bioteknolojia inapokuwa na maana kwa mtu wa Kitui. Ramani ya jeni za mbarika ilichapishwa mwaka 2010, na ile ya mbono kaburi ikafuata mwaka 2011. Kwa ramani hizo mzalishaji wa mbegu anaweza kutafuta jeni za mavuno na za mafuta bila kubahatisha. Pamba imetangulia: Desemba 2019 serikali ya Kenya iliidhinisha pamba ya Bt, yenye jeni ya bakteria inayoua funza wa vitumba. Kitumba kilichonusurika hutoa nyuzi kwanza, kisha mbegu ya kukamuliwa.

Kwa maoni yangu, mkulima anayeuza mbegu tu amepata sehemu ndogo kuliko zote za thamani yake. Hata mashudu yana kazi: ni mbolea nzuri. Lakini mbarika ina sumu kali iitwayo risini, ambayo haitoki na mafuta bali hubaki kwenye mashudu. Usimpe mbuzi mashudu mabichi, na mbegu zenyewe ziweke mbali na watoto.