Santuri na Redio Zilitufunza Kusikiliza

Wahenga walinena kuwa ya kale hayanuki. Katika enzi hii ambapo wimbo hupatikana kwa kugusa tu kioo cha simu, huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kumwona mtu mzima akiinamia sahani nyeusi, akiipangusa vumbi na kuiwekea sindano kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, santuri kuukuu zingali zinauzwa katika soko la Kenyatta jijini Nairobi, na miongoni mwa wanaozipenda wamo vijana wasiowahi kumiliki hata kaseti. Je, wanatafuta nini?

Kiswahili kina jibu. Lugha yetu hutenganisha kusikia na kusikiliza. Kusikia ni kazi ya sikio, kwani sauti huingia hata kwa asiyeitaka. Kusikiliza ni kazi ya nia. Raha ya santuri na ya redio ya zamani haikutokana na usafi wa sauti, maana zote mbili zilikwaruza na kukoroma. Ilitokana na nia hiyo ya kuketi, kunyamaza na kungojea.

Neno santuri lenyewe ni jina la ala ya nyuzi ijulikanayo Uajemi na Uarabuni. Waswahili wakalihamishia kwenye chombo kisichokuwa na uzi hata mmoja. Mnamo 1928, Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, na kwa santuri hizo sauti yake ikaingia nyumba ambazo yeye mwenyewe hakupata kuzikanyaga.

Santuri za zama hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu tu. Hata zilipokuja zile ndogo za mizunguko 45, nafasi ilikuwa finyu. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, na ilimbidi msikilizaji ainuke aigeuze. Waama, ufinyu huo ulikuwa na faida. Mtunzi alijifunza kuchuja maneno, na fumbo likabeba mzigo ambao maelezo marefu yangeushindwa.

Aidha, santuri ilikuwa mwalimu wa lugha ya taifa. Chukua mfano wa bendi ya Equator Sound ya Nairobi katika miaka ya 1960. Humo walikutana Fadhili William kutoka Taita, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake, lakini walikutana katika Kiswahili. Msikilizaji wa Kakamega au Kisumu aliyerudia upande mmoja mara kumi alikuwa akirudia pia ngeli, viambishi na methali, bila kiboko cha mwalimu.

Redio nayo ilifunza kwa njia yake. Matangazo yalianza nchini Kenya mwaka huo huo wa 1928, yakiwalenga walowezi. Baada ya uhuru, kuanzia 1964 hadi 1989, shirika la taifa lilijulikana kama Sauti ya Kenya. Wengi wetu tulijifunza adabu ya mazungumzo kutokana na kipindi "Je, Huu ni Ungwana?", kilichoanzishwa mnamo 1966 na Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Swali la kipindi hicho likawa msemo wa mitaani.

Nyumbani kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1980, redio iliwekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zilipochoka zilianikwa juani ili zivumilie siku mbili zaidi. Wakati wa matangazo ya vifo, hata vijiko vilinyamaza. Wakati wa salamu, jirani angeweza kuingia bila kubisha ili asikie kama jina lake limetajwa. Redio moja ililisha masikio ya nyumba tatu.

Hata hivyo, tusiyapake ya kale asali yasiyokuwa nayo. Kitufe cha redio kilikuwa mikononi mwa baba; mama na watoto walisikiliza alichokitaka yeye. Isitoshe, sauti ilikuwa moja, ya serikali. Mnamo Agosti 1, 1982, wanajeshi walioasi waliikimbilia redio, na Mbotela akalazimishwa kutangaza kuwa serikali imepinduliwa, kwa sababu aliyekishika chombo hicho alidhaniwa kuishika nchi. Atakaye kuurejesha ukiritimba huo hajui anachokiomba. Uhuru wa leo wa kuchagua ni neema.

Lakini neema hiyo ina gharama yake. Katika nyumba moja leo, watu watano huenda wakawa na vifaa vitano masikioni, kila mmoja na ulimwengu wake. Mjukuu hajui babu anacheka nini. Nao wimbo unaoweza kurukwa kwa kidole kabla ya ubeti wa kwanza kwisha haufunzi subira.

Akiba haiozi, husema wazee; santuri, kwa bahati mbaya, huharibika. Hupinda kwa joto, huchunika kwa sindano butu, na mzee akifariki hutupwa pamoja na magazeti yake. Si kila wimbo uliohamishiwa katika mitambo ya kisasa. Pengine nakala iliyobaki ya wimbo fulani imo uvunguni mwa kitanda kijijini kwenu.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili wafanye jambo moja likizo ijayo. Wawatume wanafunzi kwa wazee wao, waulize kuhusu wimbo mmoja wa zamani, wanakili maneno yake, jina la mwimbaji na mwaka, kisha wauchambue darasani kama fasihi simulizi nyingine yoyote. Palipo na santuri, isimamishwe wima mbali na jua. Na wimbo utakapochezwa, darasa zima linyamaze hadi sindano ifike mwisho.