Kikokotoo au Daftari? Somo Kutoka Uwanja wa Shabaha

Tuliopita JKT kwa mujibu wa sheria kabla ya kuja chuo tunaikumbuka siku ya shabaha. Unalala kifudifudi, unalenga, unafyatua, kisha unasubiri kuambiwa umepata ngapi. Basi, imeisha. Hakuna aliyekuuliza upepo unatoka wapi, kwa sababu kwa umbali ule upepo hauna neno.

Lakini kuna mchezo ambao upepo ndio mtihani wenyewe, nao ni ulengaji shabaha wa masafa marefu. Makao yake yanayojulikana zaidi ni Bisley, kusini mwa Uingereza, ambako mashindano makubwa ya nchi hiyo yamekuwa yakifanyika tangu 1890. Tuzo yake kuu ilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1860, na fainali yake hupigwa kwa yadi 900 na yadi 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914, yaani zaidi ya viwanja vinane vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Shabaha yenyewe huioni vizuri bila darubini.

Mimi si mlenga shabaha, nasomea ualimu. Ila kuna ubishi mmoja wa wachezaji hao ambao naona unatuhusu sisi tunaojiandaa kushika chaki: je, kumbukumbu za upigaji ziwekwe kwenye kifaa cha kielektroniki, au kwenye daftari na penseli?

Kwanza tuelewe kwa nini kumbukumbu zinahitajika. Chukua bunduki ya milimita 7.62 inayotumika sana kwenye mchezo huu. Kwa yadi 1,000 risasi inakaa hewani karibu sekunde moja na nusu. Kama darubini ilirekebishwa kwa yadi 100, risasi hiyo itashuka takriban mita 10 chini ya pale ulipolenga. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukitokea ubavuni utaisukuma zaidi ya mita 2 pembeni. Sasa linganisha na shabaha: kwenye mashindano ya Marekani, duara la alama 10 kwa umbali huo lina kipenyo cha sentimita 51 tu. Maana yake ukikosea kukadiria upepo kwa kilomita 2 kwa saa, umeshatoka nje ya duara hata kama mkono wako umetulia kama jiwe.

Hewa nayo haifanani kila mahali. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo risasi ileile ingeshuka zaidi Dar es Salaam kuliko Mbeya. Namba za uwanja mmoja huwezi kuzihamishia uwanja mwingine hivi hivi.

Hapo ndipo kifaa kinapong'ara. Kuna vifaa vya kushika mkononi, Kestrel kikiwa maarufu miongoni mwao, vinavyopima upepo, joto, unyevu na kanieneo ya hewa. Vingine vina kikokotoo ndani yake. Unaingiza kasi ya risasi inapotoka mtutuni, umbo na uzito wake, pamoja na umbali, na kwa sekunde chache unapewa kiasi cha kupandisha darubini. Hesabu ambayo ingekula ukurasa mzima inaisha kabla hujapangusa jasho. Kuna rada ndogo za kupima kasi ya risasi, na kuna shabaha za kielektroniki ambazo vinasa sauti vyake husikia wimbi la risasi inapopita, halafu skrini inakuonyesha ilipopita. Ukifika uwanja mgeni, kifaa kinakupa pa kuanzia. Daftari la uwanja mwingine haliwezi kukufanyia hivyo.

Lakini kifaa kinapima upepo wa pale ulipolala wewe. Katikati kuna mita 900 za bonde, miti na uwazi, na huko upepo unaweza kuwa na mambo yake. Ndiyo maana mpigaji anaendelea kutazama bendera za uwanjani na mazigazi yanavyochezacheza kwenye darubini. Pia kikokotoo kinaamini ulichokilisha. Mtutu unachakaa na kasi ya risasi inabadilika. Ukiacha namba ya mwaka jana, kitakupa jibu safi kabisa la bunduki ambayo huna tena. Habari ya chaji sina haja ya kuwaeleza wasomi wenzangu.

Daftari nalo lina nini? Ukurasa mmoja unabeba tarehe, uwanja, umbali, hali ya hewa, aina ya risasi, mpangilio wa darubini na mchoro mdogo wa shabaha. Kila risasi inapopigwa, mpigaji anaandika makadirio aliyotumia ya upepo na mahali risasi ilipotua. Baada ya risasi kadhaa anaona kwa macho yake kama upepo unamdanganya au ni yeye anayejidanganya. Mwaka 1930 Marjorie Foster alikuwa mwanamke wa kwanza kuitwaa tuzo kuu ya Bisley, enzi ambazo hakuna aliyekuwa na kikokotoo cha kielektroniki.

Ila nisilipambe daftari kupita kiasi. Linalowa, linapotea, na kutafuta ukurasa wa miaka mitatu iliyopita ni kazi. Pia Bisley mpigaji anapewa sekunde 45 kwa risasi moja, hivyo hakuna muda wa insha; ni nukta na namba mbili tatu tu.

Kilichonishika zaidi ni nukta moja kati ya hizo. Wapigaji wazuri hufundishwa kuweka alama ya mahali wanapoamini risasi imekwenda kabla hawajaona ilipotua. Wanakumbuka darubini ilikuwa imeelekea wapi wakati kidole kinavuta. Matokeo yakija, wanalinganisha. Ukisema ilikwenda kulia na kweli imekwenda kulia, kosa ni la mkono. Ukisema ilikuwa katikati lakini imetua kulia, tafuta upepo au kagua bunduki.

Hiyo nukta hakuna kifaa kinachoweza kukuwekea. Kikokotoo kinajua kilichotarajiwa. Shabaha ya kielektroniki inajua kilichotokea. Ulichofanya wewe unakijua wewe, tena kwa muda mfupi sana, kwa sababu ukishaona jibu akili inaanza kujitetea: "Aah, hata mimi nilihisi." Nguvu ya penseli hapa ni kwamba inakulazimisha kusema kabla ya kujua. Ukitaka kuiandika kwenye simu, andika tu, lakini iandike kwanza ndipo utazame skrini.

Sasa tuje kwetu. Mwalimu ana andalio la somo, ambalo ni utabiri kama wa kikokotoo. Ana daftari za wanafunzi na majaribio, ambayo ni shabaha yenyewe. Na ana shajala la somo, lenye sehemu ya maoni. Sote tunajua sehemu hiyo inavyojazwa: "Somo limeeleweka," Jumatatu hadi Ijumaa, kama desa. Siku hizi maandalio yanapatikana tayari kwenye simu na unabadilisha jina la shule tu, kwa hiyo hata utabiri si wa kwako. Mtihani ukija, nusu ya darasa wameanguka, na hakuna popote palipoandikwa kwamba siku ya kufundisha sehemu, mwalimu alihisi darasa limempotea dakika ya ishirini. Atalaumu watoto, au atalaumu mtaala, na mwaka unaofuata atafundisha vilevile. Anayelipa gharama ni mtoto, naye hana nafasi ya kurudia mwaka ule.

Kwa hiyo katika ubishi wao mimi sichagui upande, nagawa kazi. Kifaa kifanye hesabu na kupima hali ya hewa kabla ya kupiga. Penseli ishike alama ya mpigaji kabla ya matokeo. Jioni namba za daftari zirudi kwenye kifaa zikirekebishe, maana utabiri usiosahihishwa na yaliyotokea unabaki kuwa maneno matupu.

Na kwa tunaokwenda BTP: kengele ikilia, kabla hujasahihisha hata daftari moja, andika mstari mmoja wa nani unadhani ameelewa na wapi unadhani umewapoteza. Halafu ndiyo sahihisha, uone ulilenga wapi.